Siku Tatu Zisizohesabiwa

Zindarv, 6 Aprili 1993

Wifi Zevar,

Ya Ali madad. Barua hii anakuja nayo Shodmon dereva, kama lori lake litapata mafuta, na kama hatashukia tena kwa wakwe zake akalala siku tano kama safari iliyopita.

Sisi tupo. Baba yako anakohoa lakini anakula. Mahin ametimiza miaka minane na bado anavaa viatu vya mwaka juzi. Unga uliobaki ni wa wiki tatu, tukiuchanganya na forosadi kavu za kusaga. Mbuzi bado anatoa maziwa kidogo. Nakuandikia mambo kama yalivyo, maana nikikuficha utakaa huko Khorog ukibuni mabaya zaidi.

Jambo lenyewe ni gunia. Zile mbegu za viazi ulizotutumia vuli iliyopita ziko chini ya jukwaa tunalolalia, zimefunikwa majani makavu, na hatujazigusa. Nyumba nyingine hapa zilikula mbegu zao wakati wa baridi, isipokuwa mbili. Sikuwalaumu. Miaka yote unga ulitujia kwa malori kutoka Osh, na bustani zetu tulipanda vitunguu na maua. Tangu vita vianze Dushanbe hakuna lori la unga. Sasa tukipanda mapema, jalidi ya alfajiri, ile baridi inayogandisha umande, itaziunguza chipukizi, na tukichelewa, baridi ya vuli itavikuta viazi vikiwa vidogo kama njegere. Gunia la pili hakuna. Mahin atakula nini mwakani, jibu liko ndani ya gunia hilo na ndani ya tarehe tutakayochagua.

Baba anaendelea na hesabu yake. Jana mwale wa kwanza wa jua uligonga kile kigingi cha ukutani, akatoka nje akawatangazia watu kwamba jua limeingia ukuchani. Ukucha siku tatu, unyayo siku tatu, kifundo siku tatu, hivyo hivyo linapanda mwilini mwa mtu, na likifika moyoni tunapanda viazi. Baridi yote hii nimekaa naye amenifundisha, kwa sababu wanawe wote wawili wamemkimbia, mmoja kwenye vioo vya kupimia joto na mwingine kwenye basi. Ni maneno yake, si yangu. Jana ameniambia, "Muulize yule mwenye vioo, vioo vyake vinasemaje." Basi nakuuliza. Kwenye daftari zenu za hali ya hewa, jalidi ya mwisho kwetu huanguka lini?

Niyoz kaka yako hajaandika. Aliondoka Oktoba akasema wiki mbili. Umesikia lolote?

Wifi yako,
Savsan


Khorog, 14 Aprili 1993

Savsan,

Shodmon amefika. Alilala kwa wakwe siku mbili tu, ana adabu siku hizi.

Mwambie Baba vioo vinamsalimu. Kituoni tumebaki watatu. Mshahara hatujaona tangu Novemba na tumechoma viti viwili ili tupate moto, lakini mara tatu kwa siku natoka nje, nasoma vipimajoto, naandika. Zamani nilikuwa naisoma hali ya hewa redioni. Sasa redio hainiulizi na mimi naandika tu.

Nimefungua daftari la kile kituo kidogo cha bonde lenu, kabla hakijafungwa. Lina miaka thelathini na mmoja. Jalidi ya mwisho mara nyingi ilianguka kati ya tarehe 18 na 27 Mei. Mwezi Juni ilianguka mara nne, na zote kabla ya tarehe 7. Kiazi kikifukiwa hukaa kama wiki tatu kabla hakijachungulia. Kwa hiyo msipande kabla ya tarehe 8 Mei, na mkiweza subirini mpaka 12. Baba atasema jua linafika moyoni tarehe 5. Mwambie jua lifike, viazi visubiri.

Nimekutumia kipimajoto kimoja. Nimekitia ndani ya soksi kisivunjike. Kitundike shambani, urefu wa goti, si ukutani, kwa sababu ukuta una joto lake. Kila jioni kisome. Kikishuka upesi wakati mbingu haina wingu, jua kwamba alfajiri kuna kazi.

Kuhusu Niyoz, sina barua yake yoyote.

Usiumize mgongo kwa kubeba samadi peke yako.

Zevar


Zindarv, 20 Aprili 1993

Wifi,

Kipimajoto kimefika kizima, ahsante. Nimekitundika kwenye kijiti katikati ya shamba. Leo alfajiri kimesoma nne chini ya sifuri. Mahin anakipitia kila saa, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Baba anakusalimu. Amepokea maneno yako.

Mbuzi alivunjika mguu tukamchinja.

Leo jua limeingia gotini. Nimetoka kuwaambia watu, maana Baba hataki kutoka kwenye baridi. Bibi Qimat alikuwa mtaroni na koleo lake. Unamjua jirani yetu huyo, mdomo wake hauna likizo. Akaniambia, "Tangu lini jua la Zindarv linatangazwa na mwalimu wa hesabu?"

"Tangu leo, Bibi."

"Na goti hilo ni la nani? La mwanamume au lako? Maana lako lina maumivu, jua likikaa humo halitoki."

Watu wakacheka kidogo. Ni mara ya kwanza kusikia kicheko hapa baada ya muda, kwa hiyo sikumjibu.

Samadi nimebeba mabeseni arobaini. Mgongo upo.

Savsan


Khorog, 29 Aprili 1993

Savsan,

Nimehesabu mara nne. Nimehesabu kwenye mwili wangu, ofisini, wenzangu wawili wakinitazama ninavyojishika mguu. Uliandika kwamba jua liliingia ukuchani tarehe 5. Ukucha 5 mpaka 7. Unyayo 8 mpaka 10. Kifundo, muundi, goti. Goti linaanza tarehe 17. Tarehe 20 jua linaingia pajani. Wewe umeandika gotini.

Umekosa siku tatu. Wewe ni mwalimu wa hesabu. Baba yangu amehesabu jua kwa miaka hamsini, na mwaka ule alipokuwa na homa ya mapafu alihesabu akiwa kitandani, mama akimshikia kioo aone kigingi. Hakukosa hata siku moja. Ningekuwa na shaka na daftari la kituo kabla sijamshuku yeye.

Mbuzi anayetoa maziwa, njaa kama hii, hachinjwi kwa sababu ya mguu. Mnamfunga banzi na mnaendelea kumkamua.

Katika nyumba zetu siku zinazosimama ni tatu, na ninazijua, na wewe unazijua. Niandikie tarehe.

Zevar


Zindarv, 4 Mei 1993

Wifi,

Tarehe 9 Aprili, asubuhi, siku ya pili ya unyayo.

Hakuteseka. Alikohoa, akaomba chai ya maziwa, akaniuliza kama mwale umefika, nikamwambia umefika. Chai ilipokuwa tayari alikuwa ameshakwenda. Nilikaa na bakuli mkononi kwa muda, kisha nikainywa mwenyewe kwa sababu ilikuwa na maziwa. Nakuambia hili ili usikie yote kwangu.

Usiku uliotangulia alisema, "Zevar msimwambie mpaka njia ikauke. Huyo atakuja, hata kwa kutambaa." Wiki ile maporomoko ya theluji yalikuwa yamefunika watu wawili kule chini ya daraja. Nakujua na mimi. Ungekuja. Nikaandika kwamba anakusalimu. Sikusikia vibaya nilipoandika. Siku hizi sisikii vibaya wala vizuri, ninafanya tu kinachofuata.

Tulimzika karibu na mama yako. Siku tatu hakuna jembe lililogusa ardhi, si kwetu wala kwa nyumba zote kumi na moja, na usiku wa tatu khalifa wa dini alikuja akatuwashia taa ya marehemu. Wageni walikuja kutoka vijiji vitatu. Mbuzi alikwenda, unga ukaenda, siagi ikaenda. Siku ya pili binamu yako mmoja alianza kupapasa chini ya jukwaa kutafuta cha kupika, nami nikakaa tu, sikuweza hata kusema hapana. Bibi Qimat akaenda akaketi pale pale juu ya gunia. Alisema miguu inamuuma. Alilia hapo, alikula hapo, alilala hapo mpaka usiku wa taa ukapita. Baadaye akaniambia, "Nina alama za viazi makalioni, mume wangu angekuwa hai ningemweleza nini?"

Tarehe 12 nilitoka nikatazama kigingi, nikaendelea kutoka pale Baba alipoachia, siku ya pili ya unyayo. Haikunijia kabisa kwamba jua liliendelea kupanda wakati sisi tumekaa. Nilijifunza kila kitu kwake isipokuwa hilo, kwa kuwa siku nyumba ya mhesabuji inapofiwa, mhesabuji mwenyewe huwa yupo. Umenisahihisha, lakini sitawaambia watu. Kwa hesabu yangu jua litafika moyoni tarehe 8, na tarehe 8 ndiyo uliyosema wewe. Wataniamini mimi kwa sababu ya Baba, na mimi nitakuamini wewe.

Sasa lililobaki. Kipimajoto kilikuja ndani ya soksi. Soksi ile niliifuma mimi mwezi Septemba, na nilikosea mstari mwekundu pale kisiginoni, sikuufumua kwa sababu alikuwa na haraka. Niyoz aliondoka nayo mguuni.

Na tangu mwezi Machi huniulizi tena kama ameniandikia.

Zevar, usiniambie. Najua unachonificha, lakini hapa hakuna anayejua, na neno lisipotamkwa nyumba haijafiwa. Ukiliandika nitalisoma, nikilisoma nitalia au sitalia, na vyovyote vile wataona. Watakuja tena. Gunia bado liko chini ya jukwaa, na Bibi Qimat hawezi kulikalia mara mbili. Hata likishafukiwa, siku tatu bila jembe, bila kufunika chipukizi, na jalidi ikaja katikati, basi Mahin hana chakula cha mwakani. Nisubirie mpaka jalidi ya mwisho ipite. Unajua tarehe kuliko mimi.

Nisamehe kwa ajili ya Baba.

Savsan


Khorog, 10 Mei 1993

Savsan,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama nje kwenye vipimajoto, kwa sababu ilikuwa saa ya kusoma. Nikaandika nyuzi kumi na moja, upepo wa magharibi, mawingu nusu. Kisha nikakaa kwenye ngazi. Mwenzangu alikuja kuniuliza nina nini nikamwambia baba amekufa mwezi uliopita, akasema pole, akaniletea maji ya moto kwa kuwa chai hatuna. Nilimlilia Baba kidogo. Kilio kilikuwa kifupi, nikashangaa.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba mimi sina mdomo wa kukasirika.

Soksi sikuiangalia. Nilitafuta kitu cha sufu cha kufungia kioo, na kitu cha sufu kilichokuwa karibu na kitanda changu ni hicho. Nilisahau kwamba hakuna mwanamke wa bonde letu asiyeijua soksi yake. Nimekaa mjini mno.

Ndani ya barua hii kuna bahasha nyingine, nimeibandika kwa gundi ya kituo. Kurasa mbili. Kila ninachokijua kimo humo, sikuongeza wala kupunguza. Ifungue tarehe 7 Juni, kwa maana katika miaka thelathini na mmoja jalidi haijawahi kuanguka kwenu baada ya hapo. Kabla ya hapo iweke mahali ambapo Mahin hafiki. Anajua kusoma, ulimfundisha mwenyewe.

Kwa sasa fanya hivi. Fukia kiazi kina cha kiganja na nusu. Chipukizi zikianza kuonekana zirudishie udongo juu, usizionee fahari. Tunza majani makavu ya kufunikia. Weka samadi mbichi upande ule upepo unakotoka, moshi wake hufaa kuliko moto.

Njia ikifunguka kwa kila mtu nitakuja. Sasa hivi wanajeshi wa mpakani wanapitisha wanaowataka.

Zevar


Zindarv, 30 Mei 1993

Wifi,

Tulipanda tarehe 8. Nilisimama juu ya jiwe la Baba nikasema jua limeingia moyoni, na sauti yangu ilitoka ya kawaida tu, kama ninayesoma mahudhurio ya darasa. Nyumba mbili zenye mbegu zikapanda nasi. Wengine wamepanda shayiri na turnipu walizopata. Kila kiazi nilikikata vipande vitatu, kila kipande na macho yake mawili, nikavipaka majivu. Maganda ya pembeni nilimpikia Mahin. Gunia tupu nimeshona nguo ya kulalia.

Chipukizi zilionekana tarehe 27. Nimezirudishia udongo mara moja kama ulivyosema, siku mbili baadaye zimetokeza tena. Mahin anazihesabu kila asubuhi. Jana zilikuwa mia mbili na nne.

Bahasha iko kwenye sanduku la unga, chini ya unga. Unga umekuwa mchache, imebidi niisogeze. Mahin akaiona.

"Mama, ile ni barua ya nani?"

"Ya shangazi yako."

"Mbona huisomi?"

"Ina tarehe yake."

"Kama viazi?"

"Kama viazi."

Akaridhika. Ana umri mzuri, ukimpa sababu yoyote iliyonyooka anakwenda nayo.

Bibi Qimat haridhiki. Juzi alinitazama nikimwagilia, akasema, "Wewe mwanamke, mumeo hajaandika miezi minane na huulizi mtu. Ama una habari ama una bwana."

Nikamwambia, "Kwa mikono hii, Bibi, nani atanitaka?"

Akaitazama mikono yangu. Hakucheka. Akachukua ndoo yangu moja akaimwagilia mistari mitatu, akaenda zake. Nadhani anajua. Nadhani kijiji kizima kinajua na wananingoja.

Naulizwa na nafsi yangu mbona siumii. Natazama sanduku la unga na sisikii kitu. Nalala vizuri, wifi, hilo ndilo linanitisha. Zimebaki siku nane.

Savsan


Khorog, 1 Juni 1993

Savsan,

Naandika kwa haraka. Upepo umegeuka kaskazini tangu asubuhi, mawingu yote yameondoka, na kipimo cha mgandamizo wa hewa kinapanda. Kesho kutwa alfajiri, tarehe 3, kwenu itaganda. Nimeangalia daftari, ilikuwa hivi hivi mwaka 1968.

Funika kila kitu jioni ya tarehe 2, kabla jua halijazama, ili udongo uhifadhi joto. Majani, magunia, blanketi, nguo. Choma samadi. Mashina yakiwa mengi, chagua mistari ya katikati uiokoe hiyo.

Shodmon hana mafuta. Nampa barua hii muuguzi mmoja anayepanda huko kwa miguu. Ni siku mbili kwa mtu anayekwenda upesi, na yeye ana mzigo. Sijui kama itakuwahi.

Zevar


Zindarv, 17 Juni 1993

Wifi Zevar,

Muuguzi alifika tarehe 5. Miguu yake ilikuwa imevimba, nikamkanda kwa maji ya chumvi. Usimlaumu.

Jioni ya tarehe 2 kipimajoto kilisoma nyuzi sita na mbingu ilikuwa safi, nikajua. Tulifunika tulichoweza. Majani yalitosha mistari mitano. Nilitandaza mablanketi, koti la Baba, zulia, pazia. Bibi Qimat alileta godoro lake. Samadi ilikuwa mbichi mno, ikatoa moshi kidogo ikazimika. Alfajiri kilisoma tatu chini ya sifuri. Jua lilipopanda chipukizi zilikuwa zimelala, na kufikia saa nne zikawa nyeusi zote, zilizofunikwa na zisizofunikwa. Ukizigusa zinatoa maji. Mahin alianza kuhesabu akaacha.

Niliingia ndani nikachukua bahasha. Hapakuwa na cha kulinda tena. Nikaisomea shambani nimesimama.

Sasa najua kwamba ilikuwa Desemba, kwamba walisimamisha basi wakasoma kwenye vitambulisho mahali ambapo kila mtu alizaliwa, na wa kwetu wakashushwa. Kwamba mwanamke mmoja asiyemjua alimzika nyuma ya nyumba yake pamoja na wengine wawili, akatunza kifurushi chake mpaka alipopata mtu wa kukileta kwako. Umeandika vizuri. Umeandika kama unavyoandika upepo na mawingu, na ningeshindwa kusoma kingine chochote.

Nikasikia njaa. Nakuambia kweli, hilo ndilo nililosikia. Nikafikiri, vile vipande vya viazi bado viko chini, havijaoza bado, nivifukue leo tuvile, na wageni watakaokuja wapate cha kula. Nikachukua jembe. Nilikuwa nimelipiga mara moja Bibi Qimat akalishika mpini.

"Umesoma nini?"

Nikamwambia.

"Basi weka chini."

"Bibi, vitaoza."

"Vioze. Nyumba hii ina maiti."

"Hayupo hapa."

"Nyumba inamjua alipo. Lete jembe, Savsan. Siku tatu. Usinifanye nikukalie na wewe."

Akalichukua akaenda nalo kwake. Akapiga kelele ya msiba kutoka kwenye paa, na nyumba zote kumi na moja zikaweka majembe chini. Walikuja na chakula chao safari hii, kila mtu na fungu lake la forosadi ndani ya kitambaa. Khalifa akawasha taa. Tulimwombea Niyoz na tukamwombea Baba tena. Mimi niliwapa watu maji ya kunawa, nikawashukuru, nikahesabu jua kila asubuhi bila kuruka. Mahin alilia sana na kila mtu alimshika. Mimi walinitazama wakawa wananong'ona. Jicho langu lilikuwa kavu.

Baada ya siku tatu niliugua. Si ugonjwa wenye jina. Nililala, Bibi Qimat akampikia Mahin. Mvua ilinyesha siku mbili. Jembe lilikaa kwake na sikulidai.

Tarehe 15 nilijikaza, nikachukua jembe na kapu, nikaenda kufukua chochote ambacho hakijaoza. Nikaanza na mstari wa mwisho, nikaondoa yale mabua meusi yaliyokauka. Chini yake, pembeni kidogo, kuna majani mabichi. Nikaondoa bua la pili, yapo. La tatu, yapo. Yamechipua upya kutoka kwenye macho yaliyokuwa chini, Zevar, na mengine shina moja limetoa mawili. Kama ningekuwa na jembe ile siku tungeshakula yote.

Nilikaa chini kwenye mfereji nikalia. Ni mara ya kwanza tangu Aprili, na haikuwa furaha. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Nilivitukana viazi kwa sauti, matusi ambayo sikujua kama nayajua, mpaka Mahin akaja mbio kutoka nyumbani.

"Mama, unamtukana nani?"

"Viazi."

"Vimefanya nini?"

"Vimerudi," nikamwambia.

Akaketi karibu nami. Tulikaa mpaka jua likaondoka kwenye mfereji, kisha tukafunika mizizi niliyoifunua.

Vimechelewa wiki mbili na zaidi. Fungua daftari uniandikie jalidi ya kwanza ya vuli huanguka tarehe ngapi, ile ya mapema kuliko zote, ili nijue tuna siku ngapi.

Savsan